Kutoka Kudhani hadi Kuthibitisha: Mbinu ya Kisayansi na Dhana za Msingi za Mazingira katika Miteremko ya Mlima Kenya

Ikisiri

Makala haya yanajadili mbinu ya kisayansi na baadhi ya dhana za msingi za taaluma ya mazingira kwa kutumia mifano kutoka Meru na Embu, nchini Kenya. Mifano iliyoteuliwa ni utafiti wa mti wa kaliandra katika mashamba ya Embu, kuyeyuka kwa barafu ya Mlima Kenya, uharibifu wa msitu wa mlima huo na mjadala kuhusu mikaratusi na maji. Aidha, makala yanadhihirisha kwamba baadhi ya makosa ya kufikiri kuhusu mazingira huanzia katika matumizi ya lugha, na kwa hivyo mwanafunzi wa Kiswahili ana wajibu katika elimu ya sayansi ambao hauwezi kuachiwa wanasayansi peke yao.

1.0 Utangulizi

Neno mazingira limetokana na kitenzi zingira. Kwa maana hiyo, mazingira ni yote yanayomzunguka kiumbe: hewa, maji, udongo, mwanga, mimea, wanyama na binadamu wenzake. Fasili hii ni nyepesi kuikariri, lakini inaficha jambo moja muhimu. Kiumbe hazungukwi tu na mazingira yake. Yeye pia huyabadilisha, naye hubadilishwa nayo. Taaluma ya mazingira inachunguza uhusiano huo wa pande mbili.

Ni maeneo machache ya Afrika Mashariki yanayodhihirisha uhusiano huu waziwazi kama miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Msafiri anayetoka msitu wa Irangi, juu ya mji wa Embu, akashuka hadi Kiambere katika Mbeere, hupita katika ukanda wa majani chai, akaingia katika ukanda wa kahawa na mahindi, kisha akafika penye muguka, mtama, ndengu na mbuzi. Katika Meru hali ni hiyohiyo: milima ya Nyambene ina mvua na miraa, ilhali Timau, iliyo upande wa kaskazini wa mlima ambako pepo zenye unyevu hufika zikiwa zimekwisha kupungukiwa na maji, hulima ngano na shayiri. Mabadiliko haya yote hutokea katika safari isiyozidi siku moja.

Wakazi wa maeneo haya wana maelezo mengi kuhusu mabadiliko wanayoyaona: mito imepungua kwa sababu barafu imeyeyuka, chemichemi imekauka kwa sababu jirani alipanda mikaratusi, mvua imechelewa kwa sababu msitu umekatwa. Baadhi ya maelezo haya ni ya kweli, mengine ni ya kweli nusu, na mengine si ya kweli. Swali linaloongoza makala haya ni hili: tunajuaje lipi ni lipi? Jibu lake lina uzito, kwa kuwa kutokana nalo mtu hukata mti au huuacha, na serikali hutoa amri au hunyamaza.

2.0 Dhana za Msingi za Mazingira

Kabla ya kuijadili mbinu yenyewe, inafaa kufafanua dhana nne ambazo zitajitokeza tena katika sehemu zinazofuata.

2.1 Mfumoikolojia

Mfumoikolojia ni jumla ya viumbe hai wa mahali fulani, vitu visivyo hai vilivyo mahali hapo, na uhusiano uliopo baina yao. Msitu wa Mlima Kenya ni mfumoikolojia. Kadhalika bwawa la Masinga na boma la mkulima wa Runyenjes. Kipimo hakitegemei ukubwa bali kuwepo kwa uhusiano. Katika boma hilo ng'ombe hula majani ya nepia, samadi yake hurudi shambani, nayo shamba hulisha nepia.

2.2 Mtiririko wa nishati na mzunguko wa virutubishi

Nishati ya jua hunaswa na mimea kwa usanisinuru, kisha hupita kutoka kwa mmea hadi kwa mla mimea, na kutoka kwake hadi kwa mla nyama. Katika kila hatua sehemu kubwa hupotea kama joto. Kwa kadirio la jumla, karibu sehemu moja tu katika kumi hufika hatua inayofuata. Nishati hairudi ilikotoka. Virutubishi kama naitrojeni na fosforasi, kinyume chake, huzunguka. Hata hivyo, mzunguko huo unaweza kukatwa. Mkulima anayeuza mahindi kila msimu bila kurudisha chochote shambani anauza pia naitrojeni ya udongo wake.

2.3 Mzunguko wa maji

Maji ya mvua hugawanyika: mengine hutiririka juu ya ardhi hadi mtoni, mengine huzama ardhini na kutokea baadaye katika chemichemi, na mengine hurudi hewani kwa mvukizo kutoka ardhini na kupitia majani ya mimea. Mvua iliyoangukia Embu leo hujazia Rupingazi, kisha Thiba, na hatimaye Tana, ambako mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere huyatumia maji hayo kuzalisha umeme. Udongo uliomomonyoka shambani husafiri njia hiyohiyo na kutuama bwawani kama mashapo. Kwa hivyo kosa la mteremko wa juu hulipwa na taa za mjini.

2.4 Kipengele kizuizi

Ukuaji wa kiumbe huzuiwa na kile kilichopungua zaidi kulingana na mahitaji yake, hata kama vingine vyote ni tele. Katika Mbeere maji ndiyo huwa kizuizi mara nyingi. Kumwaga mbolea katika shamba lisilo na unyevu ni kupoteza fedha. Katika maeneo ya juu yenye mvua ya kutosha, kizuizi huweza kuwa rutuba ya udongo. Dhana hii inaonya dhidi ya kuchukua ushauri uliofaa mahali pamoja na kuupeleka kwingine bila kuupima.

3.0 Hatua za Mbinu ya Kisayansi

Mbinu ya kisayansi kwa kawaida huelezwa kwa hatua zifuatazo:

(i) Uchunguzi: jambo fulani linaonekana na kurekodiwa.
(ii) Swali: jambo hilo linaulizwa kwa namna inayoweza kujibiwa.
(iii) Nadharia tete: jibu la muda linapendekezwa.
(iv) Utabiri: inaelezwa kitakachoonekana iwapo jibu hilo ni sahihi, na kitakachoonekana iwapo si sahihi.
(v) Jaribio au ukusanyaji wa data: utabiri unapimwa.
(vi) Uchanganuzi na hitimisho: nadharia tete inaungwa mkono, inarekebishwa au inatupwa.
(vii) Uwasilishaji: matokeo yanatolewa kwa wataalamu wengine ili wayakosoe na kuyarudia.

Hatua ya nne ndiyo huachwa na wengi. Mwanafalsafa Karl Popper, aliyezaliwa Austria, alisisitiza kuanzia miaka ya 1930 kwamba kauli ya kisayansi lazima iwe na uwezekano wa kukanushwa. Kauli kwamba mwaka huu mvua itanyesha kwa wakati wake haiwezi kukanushwa, kwa kuwa wakati wake ni wakati wowote itakaponyesha. Kauli kwamba mvua za vuli zitaanza Embu kabla ya tarehe 20 Oktoba inaweza kukanushwa, na kwa sababu hiyo ina thamani hata ikionekana kuwa si sahihi.

Katika jaribio, kitu anachokibadilisha mtafiti huitwa kigeu huru, na kile anachokipima ili kuona athari huitwa kigeu tegemezi. Vitu vingine vyote hujitahidi kubaki sawa. Sehemu isiyofanyiwa badiliko lolote huitwa kundi dhibiti; bila hilo, mtafiti hana cha kulinganisha. Mwisho ni marudio: tokeo la shamba moja au ng'ombe mmoja laweza kuwa bahati.

4.0 Mfano wa Kwanza: Kaliandra katika Mashamba ya Embu

Kaliandra (Calliandra calothyrsus) ni mti mdogo wa jamii ya mikunde uliotoka Meksiko na Amerika ya Kati. Kama mikunde mingine, mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza iweze kutumiwa na mmea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Embu, wakishirikiana na taasisi za utafiti wa misitu na kilimo-misitu, waliuchunguza mti huu kwa makini.

Nadharia tete ya awali ilihusu rutuba. Ilitarajiwa kwamba kaliandra ikipandwa kwa safu ndani ya shamba la mahindi, na matawi yake yakakatwa na kufukiwa, mahindi yangeongezeka. Utabiri huu ulikuwa na mantiki: majani yana naitrojeni, na mahindi yanaihitaji. Lakini shamba lilitoa jibu jingine. Kaliandra iliyosimama ndani ya shamba ilishindana na mahindi, na faida iliyotazamiwa haikupatikana. Lusina ilifanya vyema zaidi katika mfumo huo. Hapa dhana ya mfumoikolojia inajidhihirisha. Mti uleule unaoongeza naitrojeni kwa majani yake huchukua maji na virutubishi kwa mizizi yake.

Mtafiti asiye mwaminifu angeificha habari hii, naye asiye na subira angeuacha mti. Kilichofuata ni swali jipya. Wakulima wa ukanda wa kahawa wa Embu wana mashamba madogo na ng'ombe wa maziwa wanaolishwa ndani. Nepia huwashibisha ng'ombe hao lakini haina protini ya kutosha, na lishe ya dukani ni ghali. Majani ya kaliandra yana protini ghafi inayozidi asilimia 20. Je, yanaweza kuchukua nafasi ya lishe ya dukani?

Swali hili linapimika. Kigeu huru ni aina ya lishe ya ziada. Kigeu tegemezi ni kiasi cha maziwa. Nepia, maji na matunzo ya ng'ombe ni mambo yanayopaswa kubaki sawa. Majaribio yaliyofanywa katika mashamba ya wakulima wenyewe yalionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zilileta takriban maziwa sawa na kilo 1 ya lishe ya dukani. Ilikadiriwa pia kwamba mkulima anahitaji miti ipatayo 500 kumlisha ng'ombe mmoja kilo 6 za majani kila siku mwaka mzima.

Idadi hiyo ilizua tatizo jingine: miti 500 ipandwe wapi katika shamba dogo? Hapa wakulima walikuwa watafiti. Waliipanda kandokando ya mipaka, juu ya matuta ya kuzuia mmomonyoko na katikati ya nepia, mahali ambapo haikugombana na mahindi. Kwa hivyo kushindwa kwa nadharia tete ya kwanza hakukuwa hasara. Kulionyesha mahali ambapo mti haufai, na kwa hivyo kukasaidia kuonyesha mahali unapofaa.

5.0 Mfano wa Pili: Barafu na Msitu

Si kila swali la mazingira linaruhusu jaribio. Hakuna awezaye kuwa na Mlima Kenya wa pili kama kundi dhibiti. Katika hali kama hii sayansi hutegemea vipimo vya muda mrefu vilivyofanywa kwa mbinu zinazolinganishika.

5.1 Barafu

Mwishoni mwa karne ya 19, Mlima Kenya ulikuwa na barafuto 18, yaani barafu kubwa zinazotambaa polepole mlimani. Halford Mackinder alifika kilele cha Batian, chenye kimo cha mita 5,199, mwaka 1899. Barafuto ya Lewis ilichorwa ramani mwaka 1934, na ikapimwa mara kadhaa baadaye. Kutokana na vipimo hivyo inajulikana kwamba kati ya 1934 na 2010 ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake na asilimia 79 ya eneo lake.

Huo ni uchunguzi. Sababu ni suala jingine. Nadharia tete mbili hutajwa: kwamba hewa imekuwa na joto zaidi, na kwamba hewa imekuwa kavu zaidi, hivyo theluji na mawingu yanayokinga barafu dhidi ya jua yamepungua. Zote mbili zina ushahidi, nazo hazipingani. Ukavu ulioanza Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 ulianza kuila barafu, na ongezeko la joto la dunia limeendelea kuidhoofisha.

Hata hivyo, hitimisho ambalo watu wengi hulitoa, kwamba mito ya Meru na Embu inakauka kwa kuwa barafu imekwisha, halifuati. Barafu iliyosalia ni ndogo mno ikilinganishwa na mvua inayoangukia mteremko mzima. Kathita, Thuci na Rupingazi hutegemea mvua, na hasa uwezo wa msitu na udongo wa kuipokea mvua hiyo na kuiachilia polepole. Anayeilaumu barafu kwa kukauka kwa mto huenda akasahau kuutazama msitu.

5.2 Msitu

Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilifanya uchunguzi wa angani juu ya misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare. Waliokuwa ndegeni walihesabu na kuweka katika ramani tanuri za makaa, visiki vya mikafuri iliyokatwa, mashamba ya bangi na maeneo yaliyofyekwa. Mwaka 2000 usimamizi wa msitu huo ulikabidhiwa shirika hilo, na mwaka 2002 uchunguzi wa angani ulirudiwa. Uchunguzi wa pili ulionyesha kwamba uharibifu ulikuwa umepungua sana.

Mfano huu unafunza mambo mawili. Kwanza, bila kipimo cha 1999, kile cha 2002 kisingekuwa na maana. Kipimo cha mwanzo ndicho kinachompa mtu haki ya kusema kwamba jambo limeongezeka au limepungua. Pili, tahadhari inahitajika hata pale habari ni njema. Upungufu uliotokea baada ya mabadiliko ya usimamizi unaashiria kwamba usimamizi huo ulisaidia, lakini kutangulia peke yake si kusababisha. Mtafiti hulazimika kuuliza ni nini kingine kilichobadilika katika miaka hiyo mitatu.

6.0 Mfano wa Tatu: Mkaratusi na Chemichemi

Mwaka 2009, wakati wa ukame mkali, John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi iliyopandwa karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Agizo hilo liliwagusa watu wengi, kwa kuwa mkaratusi ni nguzo ya umeme, kuni ya kukaushia majani chai na karo ya watoto. Mwenye chemichemi iliyokauka aliliunga mkono. Mwenye miti alilipinga. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wa macho yake.

Jinsi ya kulipima suala hili ilijulikana zamani. Huchaguliwa mabonde mawili madogo yanayofanana, kila moja likiwa na kijito chake. Vijito hupimwa kwa miaka kadhaa ili kujua jinsi vinavyohusiana, kisha mimea ya bonde moja hubadilishwa na lile la pili huachwa kama kundi dhibiti. Afrika Mashariki ilikuwa na majaribio ya namna hii tangu miaka ya 1950, chini ya watafiti wa Muguga, huko Kericho na Kimakia nchini Kenya na Mbeya nchini Tanzania. Katika Kimakia, penye safu za Nyandarua, mianzi iliondolewa na misindano ikapandwa. Misindano ilipokomaa na kufunika ardhi, matumizi yake ya maji hayakutofautiana sana na ya mianzi iliyotangulia. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, mikaratusi ilipandwa mwaka 1969 mahali palipokuwa na nyasi. Katika mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa.

Je, matokeo haya yanapingana? La. Miti ni tofauti, na zaidi ya hayo kilichotangulia ni tofauti: nyasi zina mizizi mifupi na hutumia maji kidogo, mianzi mirefu ya milimani hutumia mengi. Kwa hivyo swali kwamba mkaratusi hunywa maji mengi halijakamilika mpaka iongezwe sehemu ya pili: mengi kuliko nini, na umepandwa wapi? Mkaratusi ulio ukingoni mwa chemichemi ya Mbeere, penye mvua kidogo, si sawa na ule ulio juu ya kilima chenye mvua nyingi. Agizo la kuuondoa karibu na vyanzo vya maji lina msingi wa kisayansi. Hukumu kwamba mkaratusi wowote mahali popote ni adui haina.

7.0 Nafasi ya Lugha

Mifano hii inamrudisha msomaji katika Kiswahili. Dhana na dhani ni maneno ya shina moja. Dhana katika taaluma ni wazo lililofafanuliwa. Katika mazungumzo yaweza kuwa shaka au kisio tu. Nadharia nayo ina mkasa wake: mwananchi husema kwamba jambo fulani ni nadharia tu, akimaanisha kwamba halijathibitishwa, ilhali katika sayansi nadharia ni maelezo mapana yaliyopimwa mara nyingi. Kilicho dhaifu ni nadharia tete, na kivumishi tete kinakiri udhaifu huo chenyewe. Mwalimu anayelidondosha neno tete huwa amebadilisha maana yote.

Aidha, methali isemayo dalili ya mvua ni mawingu ina hekima ya kisayansi ikisomwa kwa makini. Haisemi kwamba kila wingu ni mvua. Inatofautisha dalili na jambo lenyewe, tofauti ambayo mjadala wa mikaratusi uliipoteza.

Kwa wanafunzi wanaotoka Meru na Embu kuna tatizo jingine la pekee. Sauti inayoandikwa th katika Kimeru na Kiembu hutamkwa karibu na dh ya Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba wengi husema na kuandika *dhibitisha badala ya thibitisha. Katika barua ya kawaida kosa hili halina madhara makubwa. Katika ripoti ya jaribio ni balaa, kwa kuwa kudhibiti ni kukishika kigeu kisibadilike, na kuthibitisha ni kuonyesha kwamba jambo ni kweli. Hatua moja huja kabla ya nyingine, na mtu asiyedhibiti hawezi kuthibitisha.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilionyesha kwamba Kiswahili kina uwezo wa kubeba taaluma hizi. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, istilahi iliyo katika kamusi bila kufika katika mkutano wa wakulima haijakamilisha kazi yake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mbinu ya kisayansi si mali ya maabara. Ilitumika katika zizi la Embu, juu ya barafu ya Lewis, angani juu ya Imenti na katika vijito vya Kimakia. Katika kila mfano maelezo ya kwanza yaliyokubalika haraka yalihitaji kurekebishwa: kaliandra haikuwa mbolea bora ya mahindi, barafu haikuwa chanzo kikuu cha mito, na mkaratusi haukuwa na hatia moja kila mahali.

Inapendekezwa kwamba idara za Kiswahili zishirikiane na idara za sayansi katika kuandaa miongozo ya mazingira kwa wakulima, na kwamba istilahi zipimwe mbele ya watumiaji kabla ya kusanifishwa. Kusanifisha istilahi bila kuipima ni kurudia kosa lilelile la kudhani kabla ya kuthibitisha.